Hakuna lugha ya binadamu isiyo na grama

Mhariri mpendwa,

Salamu kutoka Kondele, Kisumu. Mimi ni msomaji wenu wa siku nyingi, gazeti nalinunua asubuhi kabla sijafungua kibanda, na sijawahi kuwaandikia hata siku moja, lakini kuna jambo limenikaa rohoni wiki mbili sasa na limekataa kutoka, kwa hivyo naomba nafasi niliseme lote.

Niko na kibanda cha M-Pesa, nachajia watu simu, nauza chaja na kava na vitu vidogo vidogo. Chuoni nilisomea Kiswahili na isimu, bado nangoja TSC, tume ya kuajiri walimu, initume shule kama wenzangu wengi, na kwa sababu hiyo maneno ya watu nayasikiliza venye fundi wa magari anasikiliza injini. Mtoto wa kaka yangu ako gredi ya kwanza, akitoka shule anakuja kukaa na mimi mpaka mamake atoke kazini. Sasa siku moja alikuja amevaa kibao shingoni. Kibao cha mbao, kama kiberiti mbili ukiziweka pamoja, kimetobolewa tundu kikapitishwa kamba ya katani, na kimeshikwa na watoto wengi mpaka kimekuwa cheusi na kuteleza kama mpini wa jembe la zamani. Nikamuuliza hii ni nini, akasema ni juu alisema "aol" darasani. Aol ni nimechoka, kwa Dholuo, lugha ya Wajaluo. Mtoto alikuwa amechoka, akasema amechoka, akavikwa kibao kwa kuongea lugha ya nyumbani, na hicho kibao atakaa nacho mpaka amskie mwenzake akiteleza kama yeye ndio ampokeze.

Ijumaa ya wiki hiyo kulikuwa na mkutano wa wazazi, nikaenda badala ya mamake, nikauliza. Mwalimu mmoja, mtu mzima mwenye heshima zake, akanijibu mbele ya watu wote kwamba hizi lugha za nyumbani hazina grama, ni kelele tu za kuitana shambani, na mtoto akizizoea akili haipanuki. Na wazazi wengi wakatingisha kichwa wakakubali, hata wazee wengine ambao nawajua Dholuo yao ni ya kina kabisa, na nikwambie ukweli Mhariri, kile kibao hakikuniuma kama hivyo vichwa.

Shule siitaji na mwalimu simtaji. Lakini hilo neno "kelele" nataka kulijibu, na nilijibu polepole, juu swali la kelele inaishia wapi na lugha inaanzia wapi ni swali kubwa sana, watu wamelikalia maisha yao yote, na jibu lingine lilipatikana hapa hapa Kenya.

Amboseli. Mwaka wa 1980 watafiti watatu, Robert Seyfarth, Dorothy Cheney na Peter Marler, walichapisha kazi yao kuhusu tumbili wa huko. Tumbili wana mlio wa chui, mlio wa tai na mlio wa nyoka, mbalimbali kabisa. Wakisikia ule wa chui wanapanda mti, ule wa tai wanaangalia juu ama wanajitupa kichakani, ule wa nyoka wanasimama na miguu ya nyuma wanachungulia nyasi. Watafiti wakarekodi ile milio, wakaficha spika, wakaicheza wakati hakuna chui wala tai wala nyoka, na tumbili wakafanya vile vile. Kwa hivyo ni kweli mlio wenyewe unabeba habari, siyo kulia kwa woga peke yake. Sisi watu wa Kisumu tumbili tunawajua, kule upande wa Impala, hifadhi ya wanyama, wanaruka ukuta wanaiba ndizi mezani, na ukikaa ukiwatazama utaona kweli wanaambiana kitu.

Lakini sasa angalia penye inakwama. Huyo tumbili mlio wa chui hausemi chui alikuja jana. Hausemi leo hakuna chui, shukeni. Hauulizi chui ako wapi. Na amezaliwa nao, kitoto chake hufanya makosa mwanzoni, kitalia mlio wa tai kwa ndege asiye na shida ama hata kwa jani linaloanguka, kinajifunza tu ni nani wa kuliliwa, lakini milio yenyewe haijifunzi kwa mama. Chukua kitoto cha mtu sasa. Huyu wetu mwenye kibao, kama angechukuliwa akiwa wa miezi mitatu akalelewa kwa bibi yangu mzaa mama kule Bungoma angeongea Lubukusu safi, akipelekwa Japan angeongea Kijapani, na Wajaluo wakimuona wangeshangaa anatoa wapi. Hakuna mtoto anazaliwa na Dholuo kwa damu. Anazaliwa na uwezo wa kushika yoyote atakayoikuta nyumbani.

Ndio maana pia maneno hayafanani na vitu vyenyewe. Mvua. Wajaluo wanasema koth, Wabukusu wanasema efula, Wakalenjin wanasema robta. Mtoto wa kiume akizaliwa ikinyesha, kwa Wajaluo ni Okoth, kwa Wabukusu ni Wafula, kwa Wakalenjin ni Kiprop, na hao watatu wanaweza kukaa benchi moja kwa kibanda changu wakingoja simu zijae na wote ni mvua ile ile. Ferdinand de Saussure, Mswisi aliyefundisha Geneva mwanzoni mwa karne iliyopita, alisisitiza sana jambo hili, kwamba kati ya neno na kitu hakuna kamba ya asili, ni mapatano ya watu. Nalitaja juu mtu akisema neno la lugha fulani ndilo "sahihi" na la nyingine ni kelele, amesahau kwamba hata lile lake ni sauti tu ambazo watu wake walipatana.

Nyuki nao wasisahaulike, juu nyuki amemshinda tumbili kwa kitu kimoja. Karl von Frisch alipewa tuzo ya Nobel mwaka wa 1973, na moja ya kazi zilizomfikisha hapo ni kuonyesha vile nyuki akirudi mzingani anacheza densi, anatingisha mkia akienda mstari mmoja, na ule mwelekeo wa mstari ukilinganisha na jua unawaambia wenzake maua yako upande gani, na akitingisha kwa muda mrefu maanake ni mbali. Hapo anaongea juu ya kitu hakiko mbele yake. Ni jambo la ajabu, na mimi huliheshimu. Lakini habari zake ni zile zile, wapi na umbali gani, ya chakula, ya maji, ya mahali pa kuhamia. Hakuna densi ya kusema maua ya mwaka jana yalikuwa matamu zaidi.

Sisi tunaongea juu ya waliokufa na ambao hawajazaliwa. Tunaongea juu ya kitu ambacho hakikutokea kabisa. Fikiria hiyo "nge" ndogo ya Kiswahili, ningejua ningekuja, silabi moja tu na ushafungua dunia nyingine ambayo haikuwahi kuwako, na wazee wakaitoa methali hapo, ningejua huja baadaye. Nyuki hana ningejua. Dholuo iko nayo, Lubukusu iko nayo, hao wazazi waliokuwa kwa mkutano wanaitumia kila siku wakihesabu hasara ya mahindi.

Sasa nikuje kwa grama yenyewe, na hapa naomba univumilie juu ndio roho ya barua hii.

Mtoto huyu huyu wa kibao, siku moja alikuwa ananisaidia kupanga waya za kuchajia nyuma ya kaunta. Wateja walikuwa wengi, sehemu zote zimeshikwa, mtu akaja akauliza kama kuna nafasi, na mtoto akamjibu kabla sijafungua mdomo: "Vyaja vyote vimejaa."

Vyaja! Nikaacha kuhesabu pesa. Hakuna mtu amewahi kumwambia huyo mtoto "vyaja". Mimi nasema chaja moja, chaja mbili, mamake hivyo hivyo, shuleni hivyo hivyo, redioni hivyo hivyo. Ni neno la Kiingereza tumelipa nguo za Kiswahili. Lakini mtoto amesikia chakula na vyakula, chumba na vyumba, choo na vyoo, chama na vyama, hakuna aliyemkalisha chini kumfundisha, akili yake yenyewe imeona kwamba hii "cha" ya mbele ikiwa nyingi inageuka "vya", na ilipokutana na chaja ikaipitisha hapo hapo bila kusita. Na siyo hilo tu, ebu iangalie tena ile sentensi, VYAja VYote VImejaa, akaburuta upatanisho mpaka kwa kitenzi. Umri wake ni miaka sita. Amekosea neno lakini kanuni ameipata mia kwa mia, na ni kwa hilo kosa ndio unaona kanuni iko ndani. Angekuwa anakariri tu kama kasuku hangeweza kusema kitu ambacho hakuwahi kukisikia.

Na siyo yeye peke yake. Mwaka wa 1958 mwanamke mmoja Mmarekani, Jean Berko, aliwaonyesha watoto picha ya kiumbe cha kubuni, akakiita "wug", neno ambalo halikuwako, halafu akawaonyesha viwili akawaambia wamalizie, na watoto wadogo wakaweka wingi wa Kiingereza barabara kwa neno ambalo walilisikia dakika hiyo hiyo. Sisi wakubwa pia tumefanya hivyo hivyo na tukasahau. Kitabu kilitoka Kiarabu, ile "ki" huko ni sehemu ya mzizi haihusiani na ngeli, sisi tukaishika kama ki ya kiti tukapata vitabu. Madigadi ya gari ni neno la Kiingereza, lakini sikio la Kiswahili lilisikia "ma" ya wingi, kwa hivyo likitoka moja watu wakaliita digadi.

Na Dholuo sasa, hiyo isiyo na grama. Jiwe ni kidi, mawe ni kite. Mlima ni got, milima ni gode. Umeona kitu? D imekuwa t upande mmoja, t imekuwa d upande wa pili. Konsonanti ya mwisho ya neno inabadilisha mlio, ile nzito inakuwa nyepesi na ile nyepesi inakuwa nzito, wingi ukiingia. Kugeuka pande zote mbili hivyo Kiingereza haina na Kiswahili haina. Halafu wazungu wakaja na neno book, Wajaluo wakalichukua wakasema buk, na buk zikiwa nyingi ni buge. K ikageuka g. Nani aliwaambia? Hakukuwa na kamati iliyokaa Kisumu ikapitisha hilo. Neno geni liliingia mlangoni likakuta sheria ya nyumba, na ikabidi liifuate, vile vile chaja ilivyofanywa na mtoto wa kaka yangu. Kama hiyo siyo grama basi mimi sijui walimu wangu walinifundisha nini miaka minne.

Naendelea kidogo. Kiswahili ina irabu 5. Dholuo kwa hesabu ya wataalamu ina 9. Kiswahili haitumii toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti, kutenganisha maneno, Dholuo inatumia, andika "atedo" kwa karatasi na hutajua kama ni napika ama nimepika, lakini mtu akilitamka unajua, juu toni ndio inakwambia kazi imeisha ama inaendelea. Na kukhu yangu kule Bungoma, bibi yangu mzaa mama, akinisimulia vile ng'ombe aliuzwa, kitenzi peke yake kinaniambia kama ni leo asubuhi, ama ni juzi juzi, ama ni enzi za babu, maana Lubukusu imegawanya wakati uliopita vipande kadhaa na kila kipande kina umbo lake, wakati kwa Kiswahili "aliuza" ni aliuza tu, uongeze "leo" ama "zamani" ndio tuelewe. Kukhu hakuwahi kuingia darasa hata siku moja. Hiyo mashine yote iko kichwani mwake na hajawahi kukosea gia.

Kuna siri nyingine ambayo mwalimu wangu wa isimu alikuwa anaipenda sana. Lugha za watu zimejengwa ghorofa mbili. Ghorofa ya chini ni sauti ambazo hazina maana yoyote, k haina maana, t haina maana, a yenyewe haina. Ya juu ni maneno. Ukichukua k na t na a unapata kata, ukizigeuza taka, ukitia a mbele akata, ataka. Sauti chache kiasi cha kuhesabika unatengeneza maelfu ya maneno, na maneno unatengeneza sentensi zisizo na mwisho, juu unaweza kuweka sentensi ndani ya sentensi na jina ndani ya jina, kila siku hapa kibandani nasikia mtu akituma pesa kwa shemeji ya rafiki ya kaka ya yule mama anauza omena Kibuye, na bado unaweza kuongeza mtu mwingine mbele na tutaelewana. Mlio wa tumbili huwezi kuukata vipande ukatengeneza mwingine.

Watu walijaribu kumfundisha sokwe, na hii hadithi nataka mwalimu aisikie. Miaka ya 1970 Herbert Terrace wa Chuo Kikuu cha Columbia alichukua sokwe mdogo akamwita Nim, akalelewa kati ya watu New York, akafundishwa lugha ya ishara kwa sababu sokwe hawezi kutamka maneno yetu. Akajua ishara zaidi ya 100. Kila mtu alifurahi. Halafu Terrace akakaa chini kuangalia kanda za video polepole, na mwaka wa 1979 akatangaza kwamba haoni sentensi hapo. Nyingi zilikuwa za kuiga mwalimu aliyemwonyesha sasa hivi. Mfululizo wake mrefu kuliko yote ulikuwa ishara 16, nao ukiuweka kwa Kiswahili ni hivi: leta chungwa mimi leta kula chungwa mimi kula chungwa leta mimi kula chungwa leta mimi wewe. Maneno mengi, na mjengo hakuna. Unaongeza urefu, maana haiongezeki. Weka hiyo kando ya "vyaja vyote vimejaa", maneno matatu tu. Hapo ndipo mpaka ulipo, na mtoto wa Kondele ako upande wetu wa mpaka akiongea lugha yoyote ile.

Kidogo tu kuhusu ndovu, juu nayo ni ya Amboseli na huwa inanigusa. Mwaka wa 2014 kulitoka utafiti ambapo ndovu walichezewa sauti za Wamaasai na za Wakamba wakisema jambo moja kila mtu kwa lugha yake, na zile za wanaume Wamaasai zikawafanya wajikusanye pamoja na kurudi nyuma, za Wakamba hazikuwashtua hivyo, maana ndovu na Wamaasai wamewahi kugombania maji na malisho, mkuki ukatoka. Ndovu anajua lugha ni mbili. Anasikia tofauti. Anachokosa ni yale yanayosemwa ndani yake, na ni hayo ndiyo mwalimu wetu naye ameamua hayako.

Sasa kuna watu wawili wa kuongeza hapa. Mwaka wa 1960 Charles Hockett, Mmarekani, aliandika orodha ya sifa 13 za lugha ya binadamu, orodha nzuri ambayo wanafunzi wa isimu bado wanaisoma, na nyingi ya haya nimesema yamo. Lakini sifa yake ya kwanza ilikuwa kwamba lugha inatoka kinywani na kuingia sikioni. Na mwaka huo huo wa 1960 William Stokoe, aliyekuwa anafundisha chuo cha viziwi cha Gallaudet kule Washington, alitoa kazi inayoonyesha kwamba ishara za viziwi wa Marekani zina zile ghorofa mbili, umbo la mkono, mahali mkono unapowekwa, na vile unavyosonga, vipande visivyo na maana vikiungana vinaleta maana. Kabla yake wengi, hata wasomi, walisema ishara za viziwi ni kurusha mikono. Kelele ya mikono, kama ungependa. Neno ni lile lile la mwalimu.

Mimi hili nimelijua kwa mikono yangu. Kuna kijana kiziwi, fundi wa viatu, anatoa pesa kwangu karibu kila jioni. Nikaanza kumwomba anifundishe ishara moja moja. Siku moja nilimsalimia, nikafikiri nimeweza, yeye akacheka mpaka akashika ukuta, halafu akachukua kalamu akaandika kwa risiti kwamba umbo la mkono ni sawa lakini nimeuweka mahali siyo, kwa hivyo nimesema kitu kingine kabisa. Ni kata na taka! Nikamwonyesha tena, akanisukuma kiwiko juu kidogo, akaniambia ndio hiyo. Na lugha ya ishara ya Kenya siyo Kiswahili cha mikono wala Kiingereza cha mikono, iko na mpangilio wake, imekua kati ya viziwi wenyewe, na shule kongwe kama zile za Nyang'oma na Mumias zina mchango mkubwa kwa historia yake, huku kwetu magharibi, jambo ambalo tungejivunia zaidi. Kule Nikaragua, Managua, mwisho wa miaka ya 1970 watoto viziwi walipokusanywa shuleni mara ya kwanza hawakuwa na lugha ya pamoja, kila mmoja alikuja na ishara zake za nyumbani, walimu wakahangaika kuwafundisha kusoma midomo, na watoto kwa kucheza pamoja uwanjani na ndani ya basi wakajitengenezea lugha yao, na waliokuja nyuma yao wakiwa wadogo zaidi wakaifanya na kanuni nyingi zaidi. Hakuna mtu mzima aliyewapa. Nikisoma hiyo kitu huwa machozi yananilenga, sitaficha.

Dunia iko na lugha karibu 7,000, Kenya peke yake zaidi ya 40, na haijapatikana hata moja isiyo na kanuni zake. Iwe imeandikwa ama haijaandikwa. Iwe na watu milioni ama wazee wachache waliobaki. Olusuba kule Rusinga na Mfangano inaendelea kumezwa na Dholuo, vijana wengi hawaiongei tena, na haikuanza kupotea kwa kukosa grama. Watoto wanaacha lugha wakiambiwa ni ya aibu, na kibao ni njia ya kuwaambia hivyo bila hata kufungua mdomo.

Sisemi mtoto asijifunze Kiingereza. Ajifunze, na Kiswahili ajifunze, mimi mwenyewe ndiyo kazi nimesomea. Mwaka wa 1976 Ripoti ya Gachathi ilishapendekeza kwamba madarasa ya kwanza watoto wafundishwe kwa lugha ya eneo lao kisha waingie nyingine polepole. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 7, inasema serikali ikuze na kulinda lugha za wananchi na itie nguvu lugha za kiasili pamoja na lugha ya ishara, na kifungu cha 120 kinaiweka lugha ya ishara Bungeni pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Sheria iko. Na mtoto anayejua kugeuza buk kuwa buge tayari ana akili ya kanuni, mwalimu angeianzia hapo hapo, amwonyeshe Dholuo inafanya hivi, Kiswahili inafanya hivi, Kiingereza inafanya hivi, somo la lugha lingekuwa tamu ajabu.

Wizara ya elimu, na wakuu wa shule wa huku kwetu wanaosoma gazeti hili, naomba mtu aulize hivi vibao viko shule ngapi na viondolewe. Wazazi wenzangu mliotingisha kichwa, ongeeni na watoto wenu jioni lugha mnayoota nayo.

Kibao chenyewe ninacho hapa kaunta, nilikivua shingoni mwa mtoto siku ile ile na sijakirudisha. Jumatatu nafunga kibanda saa nne, nakipeleka mwenyewe mikononi mwa mwalimu, na nitaenda na huyo mtoto. Nitamwomba mwalimu kwa heshima zote amuulize mawe ni nini kwa Dholuo, milima ni nini, vitabu ni nini, amsikilize mpaka amalize.

Wako,
Msomaji wenu,
Kondele, Kisumu